Keja Kabla ya Shamba: Venye Wawindaji wa Kitambo Walitulia Bila Kushika Jembe

Wacha tuanze na ile risto ulifunzwa primo. Kitambo binadamu alikuwa anawinda na kuokota matunda. Alizurura msituni kutoka asubuhi mpaka jioni, hana nyumba, hana chungu, hana jirani. Halafu siku moja msee fulani akaangusha mbegu, mbegu ikaota, akashtuka, akaita wenzake, wakalima. Shamba likawafunga mguu. Wakajenga nyumba, nyumba zikawa kijiji, kijiji kikawa mji, na mwisho wa safari ukapata Nairobi na jamu yake.

Ni risto tamu na inashika kwa mtihani. Shida ni kwamba iko na shimo katikati. Kwa sehemu kadhaa za dunia, Kenya ikiwemo, watu walitulia kwanza. Walirudi mahali pale pale mwaka baada ya mwaka, wakazika wazee wao hapo hapo, wakafinyanga vyungu ambavyo hakuna mtu mwenye akili atabeba mgongoni kuvuka pori. Jembe lilikuja baadaye, na saa zingine hilo "baadaye" ni maelfu ya miaka.

Kama unasoma hii ukiwa Masalani, usidhani ni mambo ya watu wa mbali. Uko kwa ukingo wa Tana, mto unaofurika na kurudi kwa misimu, na ukielekea mashariki, kupita malisho ya Ijara, unaanza msitu wa Boni, ambako jamii ya Aweer imeishi kwa uwindaji na asali mpaka juzi tu. Hiyo risto ya primo imewaumiza hao majirani zako vibaya sana. Tutafika hapo, lakini lazima kwanza tuzibe hilo shimo.

Panya ndio mashahidi

Utajuaje watu walikaa mahali miaka 15,000 iliyopita, na hawakuacha hati ya ploti wala risiti ya kodi? Waakiolojia wako na ujanja wao. Wa kwanza ni takataka. Mbogi iliyolala mahali usiku mbili huacha jivu kidogo na mifupa ya ile nyama walidishi. Watu waliokaa vizazi huacha jalala nene, tabaka juu ya tabaka. Ujanja wa pili ni makaburi, juu mtu huzika wake mahali anajua atarudi. Wa tatu ni vitu vizito, kama chungu, ama jiwe la kusagia linalohitaji wasee wawili kulisogeza.

Wa nne ndio mimi hunibamba. Ni panya.

Panya wa nyumbani hawezi kushindana vizuri porini. Yeye ameseti maisha yake kwa makombo yetu. Mwaka 2017 timu ya watafiti, Lior Weissbrod akiwa mbele, walitoa matokeo ya kupima meno madogo ya panya waliochimbuliwa kwa tabaka za kale za huko Mashariki ya Kati, kati yake kijiji cha wawindaji kinaitwa Ain Mallaha, kaskazini mwa Israeli. Walipata kitu kimoja kimenyooka. Wakati watu walikuwa wametulia, panya wa nyumbani walijaa na binamu zao wa porini wakapotea. Watu wakianza kuhama-hama tena, wale wa porini walirudi. Meno ya panya yalikuwa yanaandika daftari la kodi.

Na unajua walienda wapi kuhakikisha hiyo hesabu iko sawa? Walikuja Kenya. Walitega panya kwa maboma ya Wamaasai kusini mwa nchi, watu wanaokaa mahali lakini pia wanahama na mifugo kwa misimu. Huko walipata aina mbili za panya zinaishi pamoja, hakuna moja imefukuza nyingine, vile ungetarajia mahali watu hawajaganda kabisa. Kwa hivyo ukiskia panya wakikimbizana juu ya dari usiku wa manane, usikasirike sana. Wanakuhesabu kama mkaazi.

Hao wa Ain Mallaha ni wa kundi waakiolojia wanaliita Wanatufi. Waliishi kati ya miaka 15,000 na 11,500 hivi iliyopita, kwenye nchi ambazo leo ni Palestina, Israeli, Jordan, Syria na Lebanon. Walikuwa na vibanda vya duara vyenye msingi wa mawe. Walivuna shayiri ya porini ambayo hakuna mtu alipanda, na waliwinda swala. Kwa Shubayqa, kaskazini mashariki mwa Jordan, watafiti walipata makombo ya mkate mwembamba uliochomwa jikoni miaka 14,400 iliyopita. Manze, hiyo ni chapo, karibu miaka 4,000 kabla mtu yeyote huko kulima ngano. Watu walikula chapo kabla ya shamba, ebu fikiria.

Kwetu dili ilikuwa samaki

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu huku Afrika Mashariki mambo yalienda na njia yake, na shayiri haikuhusika.

Miaka kama 10,000 iliyopita mvua huku ilikuwa nyingi kuliko leo. Sahara yenyewe ilikuwa na nyasi na maziwa. Ziwa Turkana, hilo unaliona leo limezungukwa na mawe na joto, lilikuwa limejaa mpaka likamwagikia mto Nile. Maji yake yalikuwa yamepanda karibu mita 80 hadi 100 juu ya vile yako leo. Kwenye fuo hizo za kale, zile zimebaki juu zimekauka, waakiolojia walipata kambi za wavuvi. Sehemu moja ni Lothagam, ng'ambo ya magharibi ya ziwa, Larry Robbins alichimba hapo miaka ya 1960. Nyingine ni Lowasera, upande wa mashariki. Vitu walipata ni vyusa vya mfupa vyenye meno upande mmoja, mamia ya vipande, pamoja na mifupa ya sangara wakubwa, mamba na kiboko. Wapo pia watu waliozikwa hapo.

Chusa si kitu cha kuchezea. Unachonga mfupa pole pole, unatoboa ama kukata mahali pa kamba, unafunga kwa mti, na baada ya hayo yote bado lazima usimame kwa maji na mnyama mwenye anaweza kukuvuta chini. Hii ilikuwa kazi ya watu wanaojua ziwa lao kama vile kondakta anajua stegi. Na haikuanzia hapo. Ishango, mahali mto Semliki unatokea Ziwa Edward huko mashariki mwa Kongo, wavuvi walikuwa wakitumia vyusa vya mfupa zaidi ya miaka 20,000 iliyopita.

Sababu ya samaki kumtuliza mwindaji ni rahisi. Nyati anahama. Ukimtegemea nyati, lazima nawe uhame. Samaki anarudi mahali pale pale, wakati ule ule. Wewe wa Masalani unaijua hii bila kusoma kitabu. Mvua ikinyesha juu milimani, Tana inavimba, inamwagika kwa mabonde ya pembeni, na maji yakirudi kambare wanabaki wamekwama kwa vidimbwi. Huhitaji kumfuata mtu. Unahitaji tu kuwa pale siku hiyo ikifika, na uhakikishe mwingine hajakutangulia.

Upande wa Nyanza kuna hadithi bora zaidi, na nashangaa haifundishwi. Karibu miaka 8,000 iliyopita, watu waliokuwa wakiishi kuzunguka Ziwa Victoria walianza kufinyanga vyungu vyenye mapambo ya kukandamizwa. Vinaitwa Kansyore, jina la kisiwa kwenye mto Kagera. Hawa wasee hawakuwa na ng'ombe, mbuzi wala wimbi. Walikuwa na vyungu, na hicho ndicho kitu risto ya primo inasema hakiwezekani.

Venye waliishi ni kama mtu mwenye keja mbili. Ufukweni mwa ghuba ya Winam waliacha majalala makubwa ya makombe, mahali kama Luanda na White Rock Point. Halafu kando ya mito, penye maporomoko, kuna kambi zingine, kama Gogo Falls kwa mto Kuja kule Migori na Wadh Lang'o kwa mto Sondu. Mary Prendergast na wenzake walichambua mifupa ya samaki kutoka sehemu hizi na picha ikatoka. Msimu wa mvua, samaki wanapopanda mto kwenda kutaga mayai, watu walikuwa pale kwa maporomoko wanawangoja. Msimu wa kiangazi walirudi ziwani kwa makombe. Keja mbili, kalenda moja, na hakuna kubahatisha.

Utaniuliza, kwani huko ni kutulia ama ni kuhama? Jibu langu ni kwamba hilo swali ndilo lina makosa. Tunadhani mtu ama anazurura ama ameganda mahali mpaka afe. Binadamu wengi kwa historia wameishi hapo kati. Ayeeyo wako mwenye alihamisha aqal kwa ngamia kutoka kisima kimoja mpaka kingine hakuwa anazurura. Alikuwa anajua kila kisima kwa jina, na alijua mwenyewe ni nani. Wa Kansyore walikuwa hivyo, tofauti ni kwamba mali yao ilikuwa na mapezi.

Pembe za tandala

Ukitaka mfano wa karibu zaidi na Garissa, wenye ukame unaoujua, vuka mpaka uingie Somalia. Kati ya mito ya Jubba na Shabelle, tambarare imelala kama mkeka, halafu ghafla unaona vilima vya mawe matupu vimesimama peke yao. Wasomali huviita buur. Viwili vyenye jina ni Buur Hakaba na Buur Heybe.

Paolo Graziosi wa Italia alichimba hapo kwanza mwaka 1935. Kwa miaka ya 1980 Steven Brandt, Mmarekani, akarudi na kuchimba chini ya mwamba unaoitwa Gogoshiis Qabe, hapo Buur Heybe. Alipata makaburi ya watu 14. Ni watu waliozikwa mwanzoni mwa hicho kipindi cha mvua nyingi, maelfu ya miaka kabla ya ng'ombe kufika hapo, achia mbali mtama. Na kwa makaburi kulikuwa kumewekwa pembe nzima za tandala mdogo, yule mnyama mwenye mistari myeupe mgongoni bado anapatikana huku kwetu. Pembe hazikuingia hapo kwa bahati mbaya. Mtu aliziweka, akimwaga mchanga juu ya mtu wake.

Brandt alisoma makaburi hayo kama dai, na mimi naona alisoma sawa. Unapozika wengi mahali pamoja, chini ya mwamba ule ule, unaambia kila anayepita kwamba hapa ni kwetu.

Lakini kwa nini jabali? Hapo hakuna ziwa wala samaki. Jibu la kwanza ni maji. Mvua ikipiga mwamba mtupu haizami, inateremka na kukusanyika kwa mashimo na chini ya kilima, kwa hivyo pembeni mwa buur panabaki kijani wakati tambarare imekauka. Jibu la pili liko kwa mifupa iliyotoka Buur Hakaba. Mica Jones, Brandt na Fiona Marshall waliichambua na kupata digidigi kibao. Sasa cheki tabia ya digidigi. Hahami. Anaoa mke mmoja, anashika kaeneo kake kadogo, anaweka mpaka kwa mavi, na anakaa hapo mwaka mzima. Mwindaji anayemtegemea digidigi anaweza kukaa na yeye. Kuna wanyama wanakufanya uwe msafiri na kuna wengine wanakufanya uwe jirani.

Hata vinasaba vinasema jambo kama hilo. Mwaka 2022 kikundi kikubwa cha wanasayansi, wakiwemo Waafrika kutoka taasisi za makumbusho za nchi zetu, walichapisha DNA ya wawindaji wa kale wa Tanzania, Malawi na Zambia, wengine wao wakiwa wameishi miaka karibu 18,000 iliyopita, na kuilinganisha na ya wengine wa Afrika Mashariki na Kusini. Zamani kabisa watu walichanganyika kwa umbali mkubwa. Kuanzia miaka kama 20,000 hivi iliyopita, dalili zinaonyesha walianza kuoa na kuolewa karibu na nyumbani. Hakuna aliyekuwa na shamba. Lakini kila mtu alishaanza kuwa wa mahali fulani.

Kutulia kuna bei

Sitaki uende ukidhani ilikuwa raha tupu. Mahali pazuri pakiwa pako, kuna mtu mwingine anapataka.

Mwaka 2012, timu ya Marta Mirazón Lahr ilipata mifupa kwa mchanga huko Nataruk, magharibi mwa Ziwa Turkana. Walitangaza mwaka 2016. Walihesabu watu 27, wanaume, wanawake na watoto, waliokufa karibu miaka 10,000 iliyopita kando ya kidimbwi kilichokuwa karibu na ziwa. Kati ya mifupa 12 iliyokuwa bado imeshikana, 10 ilikuwa na alama za kuuawa. Vichwa vimepondwa. Kwa fuvu la mmoja bado kulikuwa na kipande cha kioo cha volkano. Mmoja alikuwa mwanamke mwenye mimba kubwa, na venye alikuwa amekaa wanadhani alikuwa amefungwa mikono.

Wapo wasomi waliopinga, wakasema sio vidonda vyote ni vya vita na huenda hawakufa siku moja. Ni haki yao, mifupa haisemi yenyewe. Lakini wengi wanaona Nataruk kama uvamizi, mbogi moja ikivamia nyingine iliyokuwa na kitu: samaki, maji, pengine chakula kilichowekwa kwa chungu. Zamani tuliambiwa vita vilikuja na mashamba na wafalme. Nataruk hakukuwa na shamba hata moja. Kulikuwa tu na mahali pazuri pa kukaa.

Halafu risto ikageuka nyuma

Hapa ndipo mpangilio wa shule unaanguka kabisa. Huko Mashariki ya Kati, kutulia kulifuatwa na kulima. Huku kwetu kulifuatwa na mifugo, na mifugo ikarudisha watu barabarani.

Miaka kama 5,000 iliyopita mvua zilipungua, Ziwa Turkana likashuka, na ng'ombe, kondoo na mbuzi wakaingia kutoka kaskazini. Watu walioanza kufuga hapo walijenga makaburi ya pamoja yenye nguzo za mawe. Lile la Lothagam Kaskazini linakisiwa kuwa na watu wasiopungua 580, matokeo yakatoka mwaka 2018. Lakini watu wenyewe hawakukaa hapo kama kijiji. Walifuata nyasi. Wajukuu wa zama za samaki walikuwa wamekuwa wahamaji, na kama ungewaambia wamerudi nyuma kimaendeleo wangekucheka, juu mwenye ng'ombe 40 ndiye alikuwa tajiri.

Mazao yalichelewa sana. Kwa mwamba wa Kakapel, huko Busia, walichimbua kunde iliyopimwa umri wake moja kwa moja na kupatikana ni ya miaka 2,300 hivi. Hiyo ndiyo mbegu ya kulimwa ya zamani zaidi iliyopimwa hivyo hapa Afrika Mashariki, ilitangazwa mwaka 2024. Ukipiga hesabu, vyungu vya Kansyore viliitangulia kwa zaidi ya miaka 5,000. Na pale Wadh Lang'o, tabaka za juu zinaonyesha wavuvi wa Kansyore wakianza kuwa na kondoo na mbuzi wachache, bila kuacha uvuvi. Hawakuamka siku moja wakabadilisha dini ya tumbo. Walionja kidogo kidogo, kama vile mtu mwenye duka hujaribu bidhaa mpya kwa rafu moja kwanza.

Kwa hivyo ile ngazi ya mwindaji, mfugaji, mkulima, mtu wa mjini, kila mmoja akimzidi aliye chini, haikuwahi kuwa ngazi. Watu walipanda, wakashuka, wakaruka ruka, kulingana na mvua.

Sasa Aweer

Nilisema tutafika. Wengi hapa wanawaita Waboni, wao wenyewe hujiita Aweer. Lugha yao ni ya Kikushi, jirani wa karibu sana wa Kisomali, na ukiwaskiza wakibonga utashika maneno. Msitu wao uko kati ya Ijara na bahari, upande wa Garissa na upande wa Lamu. Waliwinda, wakachimba mizizi, na asali waliifuata na ndege mwongoza-asali. Unampigia mluzi, anakuja, anakupeleka mpaka kwa mzinga, unavunja, unamwachia nta yake. Ni mkataba usio na wakili.

Hawakuwa wakizurura. Walikuwa na sehemu zao za msimu wa mvua na za kiangazi, vidimbwi vyao na miti yao ya asali, kama vile wa Kansyore walikuwa na maporomoko yao.

Halafu vita vya Shifta vikaja, 1963 mpaka 1967. Serikali iliwatoa msituni na kuwakusanya kwa vijiji. Mwaka 1976 msitu ukatangazwa hifadhi ya taifa, mwaka 1977 uwindaji wote ukapigwa marufuku Kenya nzima, na sheria ya wanyamapori ya 2013 bado inamhesabu kama mkosaji hata yule anayewinda kulisha familia. Wakaambiwa walime. Walilima, na nyani, nyati na ndovu wakawa wanavuna, nao hawaruhusiwi kumgusa mnyama. Mwaka 2015 operesheni ya kijeshi ya Linda Boni ikaanza dhidi ya Al-Shabaab, na kuingia msituni kutafuta asali kukawa kujitia mashakani. Vijiji kama Basuba, Milimani, Mangai na Mararani vimeishi na shule na zahanati zinazofungwa na kufunguliwa kulingana na usalama.

Sasa angalia venye ile risto ya primo inafanya kazi hapa. Kama unaamini mwindaji hana mahali mpaka alime, basi msitu wa Aweer ni ardhi tupu. Unaweza kuuweka alama, kuugawa ama kuufunga, na bado ujione umewasaidia "kutulia". Wavuvi wa Turkana walitulia kwa sababu ziwa liliwapa sababu. Aweer walituliziwa. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa, hata kama kwa ramani yote yanaonekana kama vibanda vilivyopangwa kando ya barabara.

Sheria, kwa karatasi, inajua tofauti hiyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inataja wazi kwamba ardhi ya jamii ni pamoja na ardhi za mababu na ardhi ambazo kwa desturi zimekaliwa na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Haisemi lazima kuwe na mahindi juu yake. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek, wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau, kwa kuwafukuza, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na ardhi yao itambuliwe. Halafu kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, inayosema jamii inaweza kujisajili, ikachagua kamati ya watu kati ya 7 na 15, na kuomba ardhi yake isajiliwe kwa jina lake.

Ombi kama hilo linahitaji mtu aeleze alikuwa anakaa wapi na lini. Mwenye shamba anaonyesha ua na mistari ya mahindi. Mwindaji anaonyesha nini? Anaonyesha mti wa asali wenye alama ya mzee fulani, kidimbwi chenye jina, kaburi. Vile vile vitu waakiolojia walitumia Buur Heybe na Nyanza kusema hapa palikuwa kwa watu. Tofauti ni kwamba Aweer bado wapo na wanaweza kuongea wenyewe, kama kuna wa kuwaskiza.

Na wewe uko na kazi kidogo. Tana huhama njia na kuzika kingo zake za zamani kwa matope, halafu mafuriko mengine yanakuja kukata ukingo na kufichua ilichozika. Ukiona kwa ukingo kipande cha chungu chenye mapambo, mfupa uliochongwa meno upande mmoja, ama makombe yamejipanga kama mstari ndani ya udongo, usikitoe, usikiuze, na usianze kuchimba na wenzako. Piga picha, weka kitu cha kuonyesha ukubwa kando yake, kama sarafu, na uweke alama ya mahali kwa simu. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inataka upashe habari Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kikiwa bado ndani ya udongo wake kinaweza kupimwa umri. Kikishakaa kwa dirisha la keja yako, ni kigae tu.